Silikoni, pati, tepu au mpira? Kuchagua cha kuzibia mabomba ya sinki jipya

Sinki likishakaa mahali pake na maji yakatoka, wengi huona kazi imekwisha. Mimi naona bado. Sinki lenyewe ni bati au kauri yenye tundu. Kinacholifanya lifae kutumika ni zile sehemu saba hivi ambazo kitu kimoja hukutana na kingine: westi (pete yenye kichujio) na tundu la sinki, westi na mtego (bomba lililopinda chini yake), mtego na bomba la maji machafu, hosi na koki, ukingo wa sinki na meza, meza na ukuta, na bomba na tundu lililochimbwa ukutani. Kila makutano yanahitaji kuzibwa, na hayazibwi yote kwa kitu kimoja.

Nimefungua makabati mengi ya chini ya sinki, ya kwangu, ya ndugu na ya majirani. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni lile lile: tyubu moja ya silikoni imepakwa kila mahali, kwenye nati, kwenye hesi (zile mikato ya mzunguko za kukazia), kwenye mpira, kwenye ukuta. Silikoni ni kitu kizuri sana ikiwekwa panapoifaa. Pasipoifaa huficha uvujaji kwa wiki mbili tatu, kisha maji hupata njia ya pembeni na kuanza kulowesha mbao mahali ambapo huoni.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kipi kina nguvu zaidi. Chutama mbele ya kabati, tazama kiungo kimoja kimoja, na kila kimoja ukiulize mambo matatu. Hapa maji yanapita kwa presha, au yanateremka tu kwa uzito wake? Hapa patafunguliwa tena siku moja? Na vitu hivi viwili vinavyogusana vinacheza, yaani vinarefuka, vinatikisika au vinasukumana, au vimetulia? Ukiwa na majibu hayo, tyubu na tepu za dukani zinajipanga zenyewe.

Westi: pati au silikoni

Westi ni ile pete yenye kichujio inayokaa kwenye tundu la sinki, ikashikwa kwa chini na nati kubwa. Upande wa chini huwa kuna wosha nene ya mpira, na hiyo haina mjadala. Mjadala uko juu, kati ya mdomo wa westi na uso wa sinki. Maji hapo hayana presha, ila yanakaa. Ukiliziba sinki ili uloweke vyombo, maji yatasimama juu ya mdomo huo hata saa nzima, yakitafuta upenyo.

Pati ya mabomba ni kitu cha zamani. Kwa asili ni udongo laini uliokandwa na mafuta ya kitani, ingawa viwanda sasa vina michanganyiko yao. Unaibingirisha viganjani mpaka iwe kamba nene kama kidole cha mwisho, unaizungusha chini ya mdomo wa westi, unaibana. Ukikaza nati, ile inayozidi hutokeza pembeni pande zote, nawe unaiondoa kwa kidole. Unaweza kufungulia maji papo hapo, na hilo ndilo linalowafanya mafundi waipende. Hukaa laini kwa miaka, na siku ya kubadilisha westi inang'oka bila ugomvi.

Lakini pati ina mafuta, na mafuta husafiri. Kwenye marumaru, graniti na mawe mengine yanayonyonya, mafuta hayo huingia ndani ya jiwe na kuacha doa jeusi kuzunguka tundu. Doa hilo halisuguliki likaisha, kwa kuwa halipo juu. Kwenye baadhi ya plastiki, pati hudhoofisha plastiki yenyewe hadi ikapasuka. Ndiyo maana vifaa vingi vya plastiki huja na karatasi inayokataza pati waziwazi. Isome karatasi hiyo kabla hujaitupa pamoja na boksi.

Silikoni haina tatizo hilo, hasa ile isiyo na asidi ambayo nitaieleza mbele. Inashika bati na kauri vizuri, haikauki ikapasuka, na maji yaliyosimama hayaisumbui. Gharama yake ni muda na mkono. Muda, kwa sababu hugandishwa na unyevu wa hewani kuanzia nje kwenda ndani, kiasi cha milimita 2 au 3 kwa saa 24. Ngozi ya juu hushika ndani ya robo saa hivi na kukudanganya kwamba imekauka, kumbe chini bado ni uji. Mkono, kwa sababu ikishashika, kuiondoa ni kazi ya wembe na subira.

Uamuzi wangu ni huu. Sinki la bati au la chuma chenye enameli na westi ya chuma: pati, bila kusita. Jiwe, akriliki, au westi ya plastiki: silikoni isiyo na asidi, na usubiri siku nzima. Kauri inakubali zote mbili, nami huchagua silikoni kwa sababu uso wa kauri mara nyingi haujanyooka sawasawa na silikoni hujaza mabonde yale bila kuisha.

Westi nyingi za siku hizi huja na gasketi ya povu au mpira ya kuweka juu badala ya pati. Kama uso wa sinki ni tambarare, itumie hiyo peke yake. Na usichanganye pati na silikoni kwa kuamini kwamba mbili ni bora kuliko moja: silikoni haishiki juu ya mafuta, kwa hiyo umejipatia tabaka mbili ambazo hakuna iliyoshika.

Beseni la kunawia uso lina jambo lake, na hapa ndipo nimeona watu wakihangaika kuliko mahali pengine popote. Mabeseni mengi yana tundu dogo karibu na ukingo, la kuzuia maji yasifurike. Maji yanayoingia hapo hushuka ndani ya ukuta wa beseni na kuingia kwenye westi kupitia nafasi zilizokatwa ubavuni mwake. Maana yake ni kwamba hesi za westi hiyo zimeshalowa kabla hazijafika chini ya beseni. Ukiziba mdomo wa juu kwa ustadi wote, maji yatapita ubavuni, yatafuata hesi mzunguko kwa mzunguko, na kudondoka chini ya nati. Mtu hufungua, hupaka tena juu, husubiri siku, hufungulia maji, na tone ni lile lile. Mara ya tatu analilaumu beseni.

Dawa yake iko chini. Pitisha silikoni kidogo kati ya wosha ya mpira na kauri, na kuzunguka hesi mahali pale pale wosha itakapokaa; wengine huzungusha tredi tepu, ile tepu nyeupe ya hesi, mizunguko kadhaa hapo, nayo inafaa. Angalia tu usizibe zile nafasi za ubavuni, maana utakuwa umeua kinga ya mafuriko. Na kama beseni halina tundu la ukingoni, nunua westi isiyo na nafasi ubavuni. Zinafanana dukani, kwa hiyo igeuze uiangalie.

Mtego: uache mpira ufanye kazi yake

Mtego ni lile bomba lililopinda, au lile lenye umbo la chupa, linaloshika maji kidogo muda wote ili harufu ya mfereji wa maji machafu isipande nyumbani. Wazo hilo si jipya: Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa mjini London, aliweka bomba lililopinda katika hataza yake ya choo mwaka 1775, na kanuni haijabadilika tangu hapo. Nalitaja kwa sababu watu hupaka silikoni kwenye mtego wakipigana na harufu. Kinachozuia harufu ni maji yaliyomo ndani. Sinki lisilotumika muda mrefu hukauka mtego wake na kuanza kunuka, na tiba yake ni kumwaga maji, basi.

Viungo vya mtego hushikwa na nati za plastiki, na ndani ya kila nati kuna wosha ya mpira au plastiki laini, mara nyingi yenye upande mmoja uliochongoka. Upande uliochongoka hutazama ndani ya kiungo, mbali na nati. Upande bapa hukaa kwenye nati. Nati ikikazwa, mchongoko husukumwa kwenye mdomo wa bomba na kuubana pande zote. Wosha ikigeuzwa, utakaza mpaka mkono uume na bado patadondoka.

Linganisha sasa wosha hiyo na vitu ambavyo watu huweka pale. Silikoni: mitego mingi ya plastiki nyeupe ni ya polipropilini, plastiki ambayo silikoni haishiki vizuri. Itakaa kama ngozi juu ya nati, na siku moja utaibandua nzima kwa kucha. Zaidi ya hayo, ikiingia kati ya mpira na bomba inakuwa kilainishi kabla haijaganda, mpira unateleza na kukaa upande. Tredi tepu: hesi za nati hii hazizibi maji kabisa, kazi yao ni kusukuma wosha tu, kwa hiyo tepu juu yake haisaidii kitu na huweza kuizuia nati isifike mwisho. Pati: haiwezi kuvumilia kusukumwasukumwa na ndoo inayoingizwa na kutolewa kabatini kila siku.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Katika nyumba niliyokaa zamani, kiungo cha mtego kilikuwa kikitoa tone moja kila baada ya muda. Aliyekuja kukitengeneza alikifunika chote kwa silikoni, kikawa kama kichuguu, na kweli tone likakoma. Miezi kadhaa baadaye sakafu ya kabati ilikuwa imevimba na kuwa laini kama mkate uliolowa. Maji yalikuwa yakipita chini ya ile silikoni, yakifuata bomba hadi nyuma, na kudondokea ukutani kwa siri. Tulipokata silikoni kwa kisu, tulikuta wosha imekaa upande. Kuinyoosha kulichukua muda mfupi kuliko kukata silikoni. Kabati halikuokoka.

Kwa hiyo mpira ukivuja, fungua. Angalia kama wosha imegeuka, imepasuka, au ni ya kipimo kingine. Mabomba ya milimita 32 ni ya kawaida kwenye mabeseni na ya milimita 40 kwenye masinki ya jikoni, na wosha za vipimo hivyo viwili hukaribiana sana machoni. Angalia pia kama bomba limekatwa mshazari au lina makovu ya msumeno. Lisugue kwa msasa laini. Angalia kama mabomba mawili yamenyooka, kwa sababu bomba linalolazimishwa upande huusukuma mpira upande huo huo siku zote. Kisha kaza kwa mkono, na ongeza robo ya mzunguko kwa spana ikibidi. Kukaza kupita hapo hupasua nati ya plastiki, na ufa wake huonekana siku ambayo hukuitarajia.

Hesi za maji safi: tepu, katani, dawa ya tyubu

Hapa ndipo penye presha, na hapa silikoni haina nafasi hata kidogo.

Tepu nyeupe ya hesi imetengenezwa kwa PTFE, aina ya plastiki iliyogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett mwaka 1938 katika maabara ya DuPont nchini Marekani. Ni utelezi mtupu. Karibu hakuna kinachoishika. Ukilijua hilo unaelewa tepu inafanya nini: haigundishi. Inalainisha hesi ili ziingie ndani zaidi na kubanana, na inajaza upenyo mdogo uliobaki. Izungushe kufuata mwendo wa mishale ya saa ukiwa unatazama ncha ya bomba, ili ukikaza isijiviringue kinyume. Mizunguko 3 hadi 5 inatosha kwa tepu ya kawaida, ukiacha hesi ya kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye maji na kwenda kuziba kichujio cha koki.

Katani na dawa yake ya kupaka ni njia ya wazee wa kazi, na kwenye chuma bado ina heshima yake. Ubora wake mkubwa ni kwamba ukishakaza kisha ukaona koki imetazama ukutani, unaweza kuirudisha nyuma kidogo na kiungo kisivuje, kwa sababu nyuzi huvimba zikilowa. Tepu haikubali hilo: ukirudi nyuma, fungua, futa, anza upya. Lakini kuvimba huko huko ni hatari kwenye hesi za plastiki, maana katani nyingi inaweza kuipasua soketi. Chuma kwa chuma, mtu akiwa na mkono wa kazi, katani. Plastiki, au mtu anayefanya kwa mara ya kwanza, tepu.

Ipo pia dawa ya tyubu inayoganda ikikosa hewa na kugusana na chuma. Inaziba imara sana, hata pasipo kukazwa kwa nguvu. Haifai kwenye plastiki, na ukitaka kufungua siku nyingine huenda ukahitaji kuipasha moto. Kwa sinki la nyumbani, ambalo koki yake itabadilishwa, naona ni nguvu kuliko hitaji.

Kuna viungo viwili ambavyo havitaki chochote kati ya hivi. Cha kwanza ni ncha ya hosi laini inayokwenda kwenye koki: ndani ya nati yake kuna wosha ya mpira, nayo ndiyo inayoziba. Cha pili ni kiungo cha kubana chenye pete ya shaba inayokumbatia bomba. Hapo pete ndiyo inayoziba. Ukiweka tepu kwenye hesi za viungo hivi hufanyi madhara makubwa, ila ukikuta panavuja usiongeze tepu. Tatizo liko kwenye mpira au pete.

Gundi ya PVC au nati?

Kwa ufupi. Gundi ya PVC huyeyusha uso wa bomba na uso wa soketi mpaka vikawa kitu kimoja, kwa hiyo hakuna kuvuja na hakuna kufungua. Itumie kuanzia ukutani kwenda huko ndani. Kuanzia mtego kuja kwenye sinki, tumia nati na mpira, kwa sababu huko ndiko pete ya ndoa itakapoangukia, na mafuta ya kupikia yatakapoganda. Na gundi hiyo haishiki polipropilini, kwa hiyo usijaribu kuugundisha mtego wa plastiki nyeupe kwenye bomba. Nunua kiunganishi chenye mpira upande mmoja na soketi ya PVC upande mwingine.

Jaribu kwanza, ziba mapambo baadaye

Mpangilio wa kazi una uzito kama uchaguzi wa dawa. Ukishamaliza westi, mtego na hosi, simama. Usiguse ukuta wala tundu la bomba bado. Ziba sinki, lijaze, liache nusu saa, kisha lifungulie maji yote kwa mkupuo mmoja. Kumimina maji kidogo kwa kikombe hakujaribu kitu. Ni uzito wa sinki zima unaoteremka kwa pamoja unaoonyesha kiungo kilicholegea. Kwa beseni, liache lijae mpaka maji yaingie kwenye tundu la ukingoni, kwa sababu nimeshasema huko ndiko siri inakoanzia.

Kisha pita na karatasi ya chooni kavu kwenye kila kiungo, ukianzia juu kwenda chini. Kidole hudanganywa na ubaridi wa bomba. Karatasi haidanganyiki, inabadilika rangi hapo hapo. Tandaza gazeti kavu chini usiku kucha. Asubuhi doa litakuonyesha mahali, na usikimbilie pale lilipo doa: inua macho, fuata bomba kwenda juu, maana maji hudondoka mahali pa chini kuliko yanapotokea.

Ukingo wa sinki na ukuta: silikoni ipi?

Hapa silikoni ina haki yake, ila silikoni haziko sawa.

Iliyo rahisi kupatikana ni ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka ikiganda. Inashika kauri, kioo na vigae vilivyong'arishwa vizuri kabisa, lakini asidi yake hushambulia shaba na zinki na huharibu uso wa marumaru. Isiyo na asidi hainuki siki, haili chuma, na ni salama kwa jiwe. Huganda taratibu zaidi. Kwa sinki la bati juu ya meza ya jiwe, au mahali popote penye mabomba ya shaba karibu, chukua isiyo na asidi. Katika zote mbili, tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya bafu na jiko, kwa kuwa imetiwa dawa ya kuzuia ukungu. Bila dawa hiyo, silikoni iliyo nyuma ya koki itakuwa nyeusi hata ukiisugua kila wiki.

Dawa ya kuzibia ya akriliki huvutia kwa sababu inasafishika kwa maji na inapakika rangi, mambo mawili ambayo silikoni haiyawezi. Lakini husinyaa ikikauka, na haipendi kulowa kila siku. Iweke juu kabisa, pale kigae kinapokutana na rangi ya ukuta. Usiiweke kwenye ukingo wa sinki.

Ipo dawa ya kuzibia ya aina ya tatu, polima mseto, inayoshika hata uso wenye unyevu kidogo, haina asidi, na inakubali rangi. Ningekuwa na tyubu moja tu kwa nyumba nzima ningechukua hii. Kwenye ukingo wenyewe, ambapo hakuna atakayepaka rangi, silikoni ya bafu isiyo na asidi bado inanitosha.

Kabla ya yoyote, kama meza ni ya mbao au chipubodi, ziba ile sehemu iliyokatwa kwa msumeno kuzunguka tundu la sinki. Paka vanishi au silikoni nyembamba mbao yote iliyo wazi. Sehemu hii haionekani sinki likishakaa, kwa hiyo hurukwa, na ndiyo inayovimba na kuinua ukingo mzima. Naiona ni muhimu kuliko urembo wa ule mstari wa juu.

Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani. Toa yote, futa kwa spiriti, acha pakauke. Bandika tepu ya karatasi pande mbili, pitisha silikoni, lainisha kwa mkupuo mmoja, bandua tepu kabla ngozi haijashika.

Tundu la bomba ukutani

Mwisho ni lile tundu lililochimbwa kubwa kuliko bomba lenyewe, ambalo hufichwa na kabati na kusahaulika. Halihusiani na maji ya sinki. Linahusiana na mende, panya, harufu, na unyevu unaotoka ndani ya ukuta. Panya mdogo hupenya upenyo wa milimita 6 tu, unene wa penseli.

Saruji ndiyo watu wengi huifikia kwanza, nayo ni ngumu na panya haiwezi. Ila bomba la plastiki hucheza. Bomba la PVC la mita 1 likipata joto la nyuzi 50 zaidi, kama unapomwaga sufuria ya maji yaliyochemka, hurefuka milimita 3 hadi 4. Saruji haifuati, hupasuka kuzunguka bomba, au hulishika bomba na kusukuma mvutano wote kwenye nati za mtego. Povu la kupulizia linalovimba hujaza tundu kubwa kwa sekunde chache na huacha bomba licheze kidogo, lakini panya hulitafuna kama maandazi. Silikoni na polima mseto hufuata bomba vizuri, ila katika upenyo mpana huzama na kulegea kabla hazijaganda.

Ninachofanya ni kuvichanganya. Upenyo mwembamba, chini ya sentimita 1 hivi: silikoni au polima mseto peke yake. Tundu pana: kwanza nasokota sufi ya chuma isiyoshika kutu ndani kabisa, kwa ajili ya panya, ile stilwuli ya kawaida ya kusugulia masufuria hushika kutu upesi penye unyevu, kwa hiyo hununua ya chuma cha pua au ya waya wa shaba. Juu yake povu kidogo, kidogo kuliko unavyodhani, kwa maana linavimba mara kadhaa na kusukuma kila kitu. Likikauka nalikata liwe sawa na ukuta, kisha namalizia kwa tabaka la silikoni linalogusa bomba na ukuta. Kama bomba linapita kwenye ukuta uliojengwa kuzuia moto, povu la kawaida halifai kabisa. Pana dawa maalumu ya kuzibia inayovimba kwa joto, na hiyo ndiyo ya kununua.

Sahani ndogo ya duara inayofunika tundu huwekwa juu ya hayo yote, isiwekwe badala yake. Iache bila kugundishwa, iweze kutelezeshwa kwenye bomba, ili siku ukiona unyevu ukutani uisogeze na kutazama nyuma yake.